Vyungu vya Nyanjige Vilivyowasha Redio ya Nkoma

Huko Nkoma watu walizoea kusema kwamba Nyanjige alizaliwa mama yake akiwa njiani, na ndiyo sababu hakujua kukaa. Ukimpa kigoda alikalia ukingo tu, mguu mmoja umekwisha kugeukia mlangoni. Kanisani alihesabu nguzo. Msibani, wenzake wakiwa wamejiinamia, yeye alikuwa anakagua mtungi wa mwenye msiba na kujiuliza ni nani aliyeufinyanga, na kwa nini umepasuka shingoni.

Mikono yake ilitulia mahali pamoja peke yake, kwenye udongo. Alikuwa mfinyanzi, kama mama yake na bibi yake, na vyungu vyake vilibebwa kichwani hadi Migato na Bariadi. Mtungi wake wa maji ulisifiwa kuliko vyote kwa sababu ulijua kutoka jasho: haukuvuja, lakini ngozi yake ya nje ililowa kidogo mchana kutwa, na maji ya ndani yakawa baridi. Siri yake ilikuwa pumba za mpunga alizozichanganya na udongo. Zilipoungua motoni ziliacha vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni.

Mwaka 1957 alikuwa na miaka arobaini na saba hivi, mke wa Jilala, mkulima wa pamba mwenye maneno machache. Katika watoto wao walikuwa wamebaki wawili. Binti alikuwa ameolewa Migato. Novatus, kitinda mimba, alikuwa Dar es Salaam kwa mwaka wa tatu, akifanya kazi kwenye karakana ya reli. Nyanjige hakujua kusoma, kwa hiyo barua za Novatus alizipeleka kwa Anatoli, karani wa chama cha wakulima wa pamba. Anatoli alikuwa kijana wa Kalemela, mtoto wa wavuvi, aliyevaa soksi ndefu hata siku za tope na kupenda kila kitu kikae mstarini mezani kwake.

Barua ya Kwaresima ile ilikuwa fupi. Anatoli aliisoma amesimama.

"Mama, mimi ni mzima. Kwaya yetu ya kanisa imechaguliwa kuimba redioni Jumapili ya Pasaka, saa kumi na moja jioni. Tutaimba nyimbo tatu. Nendeni ofisini kwa chama mkanisikilize."

Nyanjige alishika ukingo wa meza. "Rudia hapo pa saa."

Anatoli akarudia, kisha akashusha barua. "Lakini mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "redio imekufa tangu juzi."

Wote wawili waliitazama. Ilikuwa sanduku la mbao zuri, juu ya rafu, na nyuma yake waya ziliingia kwenye betri mbili. Anatoli alieleza kwamba ile kubwa bado ilikuwa nzima. Ile ndogo ndiyo iliyokwisha, na kazi ya ile ndogo ni kupasha moto taa nyembamba zilizo ndani ya redio. Taa zikipoa, redio haisikii kitu. Betri mpya ziko Mwanza, na mvua za masika zimeujaza mto Simiyu hata malori hayapiti.

"Mpaka Pasaka yatapita?"

"Zimebaki wiki tano. Mwaka jana yalikwama miezi miwili."

Nyanjige alizunguka meza, akarudi, akazunguka tena. Halafu akauliza swali ambalo Anatoli alilisimulia kwa miaka mingi baadaye.

"Hiyo ndogo, ilipokuwa hai, ilikuwa inakula nini?"

Anatoli alicheka, akaona mwenzake hacheki. "Sijui, mayu. Chukua ukaipasue."

Akaipasua kweli, uani kwake, kwa panga la Jilala. Ndani ya kasha la karatasi alikuta vikopo vya zinki vimepangwa, na katika kila kikopo unga mweusi uliokauka umekishika kijiti cheusi cha katikati. Unga aliujua, wanawake wa Nkoma waliutumia kupaka kuta. Kijiti nacho alikijua, watoto walikitumia kuchorea. Alichokuwa hajakitazama vizuri ni vikopo vyenyewe. Vilikuwa vimeliwa. Vimejaa matundu kama jani lililopitiwa na viwavi, na penye matundu palikuwa na unga mweupe.

"Chakula chake ni hiki," akamwambia Jilala, akiinua kikopo juu kwenye mwanga. "Kimeliwa mpaka sahani."

"Na sisi tutakula nini?" Jilala akauliza. Moto ulikuwa haujawashwa.

Tangu siku hiyo Nyanjige alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alikwenda Migato kwa miguu kwa binti yake, akaenda minada ya ng'ombe, akaomba mawe ya tochi yaliyokwisha. Watu walimpa kwa vicheko. Akayapasua, akatenga zinki isiyoliwa sana, unga mweusi na vijiti. Akachukua chungu kidogo, akatia maji ya chumvi, akazamisha zinki upande mmoja na kijiti upande wa pili, akafunga waya, akaweka ncha za waya ulimini. Kila mtu mwenye tochi alijua kuonja jiwe kwa ulimi: likiwa hai linachoma.

Lake halikuchoma. Liliwasha kidogo, kama pilipili ya jana.

Alijaribu unga mweusi kuzunguka kijiti, chunguni mle mle, pakawasha zaidi lakini unga ukayeyukia majini na kila kitu kikawa matope. Akamwaga, akaanza upya. Wiki ya kwanza ikapita hivyo, na ulimi wake ukawa na vidonda hata akashindwa kula mlenda.

Ujuzi wa mtungi ndio uliomvusha. Asubuhi moja alikuwa akifuta jasho la mtungi kwa kiganja, akasimama na kiganja chake kikiwa kimelowa. Kama maji yanajua kupita ukutani, unga kwa nini ukae ndani? Akafinyanga vyungu vidogo, virefu kama kopo la maziwa, vyenye pumba nyingi. Ndani akatia maji ya chumvi na zinki peke yake. Unga mweusi akauchanganya na makaa yaliyosagwa, akaukanda kwa maji ya chumvi, akaupaka nje ya chungu kama mtu anayesiriba nyumba. Akagandamiza vijiti humo, akafunga kwa kitambaa cha pamba kilicholegea. Chungu kikatoka jasho lake la chumvi, na siriba ikabaki na unyevu.

Alipoonja aliruka. Jilala, aliyekuwa akinoa jembe, aliona mkewe amefunika mdomo na machozi yanamtoka.

"Umeungua?"

"Onja," akasema Nyanjige. "Onja mwenyewe, baba Novatus!"

Jilala akaonja, akatema mate. Kisha akasema, "Hiki kina meno."

Lakini meno hayakutosha. Anatoli alileta globu ya tochi ofisini, wakaunganisha vyungu viwili, na uzi wa globu ukawa mwekundu tu kama kaa la mwisho. Anatoli alikumbuka kidogo alichofundishwa shuleni. Vyungu viwili vikifuatana, huongeza nguvu. Jozi na jozi zikifungwa ubavu kwa ubavu, huongeza ustahimilivu. Akakuna kichwa, akasema kwa redio ile labda jozi sita.

"Vyungu kumi na viwili," akasema Nyanjige, na alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

Hapo ndipo taabu ya kweli ilipoanza, kwa sababu vyungu vyake havikuwa na tabia moja. Makaa ya kawaida yalikuwa mabishi, umeme uliyapita kwa shida. Akayajaza kwenye mtungi mzee, akaziba mdomo kwa udongo, akauchoma katikati ya moto wa kuchomea vyungu mpaka yakatoka yakilia kama vipande vya bati. Hayo yakafaa. Vyungu vyenye pumba nyingi mno vilivuja, vyenye chache vilikuwa bubu. Hayo nayo akayaweza. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi. Chungu kile kile, chenye chumvi ile ile, kilichoma ulimi kikiwa kimetundikwa upenuni, na kikipelekwa ghalani na kufukiwa kwenye mchanga ili kisianguke, kilipoa. Akidhani ni baridi ya ghala, alikipasha jua. Hakikuinuka. Akidhani ni kiu, alikiongeza maji. Siku nyingine kiliinuka chenyewe bila kufanywa lolote, akiwa amekiweka juu ya jiwe tu ili afagie.

"Kinanidharau," akamwambia Jilala.

"Chungu?"

"Kuna kitu kinataka, na hakisemi."

Alitembea uani, akatoka nje ya boma, akarudi. Palizi ya pamba ilimkuta na kumpita. Jilala alilima peke yake, na majirani wakaanza kumpa pole kama mtu mwenye mgonjwa. Ijumaa Kuu Nyanjige alikuwa bado anafunga waya. Dhambi hiyo ya kufanya kazi siku kama ile alimsimulia katekista, naye katekista akamwuliza kama kutakuwa na nafasi ya kukaa ofisini Jumapili.

Siku ya Pasaka watu walijaa ofisini kwa chama mpaka dirishani. Nyanjige alipofika na vyungu kumi na viwili katika makapu mawili, Anatoli alivipanga juu ya meza. Mara maji ya chumvi yakaanza kutiririka juu ya mbao, yakaelekea kwenye vitabu vya chama. Karani yule akashikwa na wasiwasi. Wazee wa chama walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Akachukua koti lake la mvua kuukuu, lile la mpira, akalikata vipande, akakivika kila chungu, akakifunga kamba toka chini mpaka juu kama mtoto wa mgongoni. Matone yakakoma, meza ikafutwa.

"Sasa vinapendeza," akasema.

Nyanjige alivitazama kwa jicho baya asijue ni kwa nini.

Saa kumi na moja kasorobo Anatoli aliunganisha waya za mwisho. Redio ikakaa kimya kwa muda wa Baba Yetu moja. Kisha ikakohoa. Kisha sauti ya mtu, mbali kama ng'ambo ya mto, ikasema hapa ni Dar es Salaam, na ofisi nzima ikapiga kigelegele. Mzee mmoja akasimama kumpa Nyanjige kiti chake. Hakukiona.

Msemaji akataja kwaya. Wimbo wa kwanza ukaanza, wanawake kwa wanaume, ukapanda. Nyanjige alikuwa amefumba macho, anawatenga waimbaji mmoja mmoja kama anavyopepeta mchele, akitafuta sauti yake. Ubeti wa pili sauti zikapungua. Ubeti wa tatu zikawa mnong'ono. Watu wakasogea, wakazuia pumzi. Wimbo ukaisha, au haukuisha, hakuna aliyejua. Redio ilikuwa imenyamaza.

"Vimekufa," Anatoli akasema, na uso wake ukawa na rangi ya majivu. "Pole sana, mayu."

Nyanjige hakumsikia. Alikwisha kupanda mezani kwa magoti, akidhani maji yamekauka ndani, akakata kamba kwa meno, akakivua koti chungu cha kwanza, akachungulia. Maji yalikuwapo. Akavua cha pili, cha tatu. Maji yalikuwapo. Akavua cha sita, na redio ikakohoa.

Hakuwa ameongeza chochote. Hakuwa amegusa waya. Alisimamisha mikono hewani, akatazama vile vipande vya mpira alivyovishika, na ndani vilikuwa vimelowa, vimegandamana na siriba bila nafasi ya hata unywele. Akakumbuka mchanga wa ghalani. Akakumbuka jiwe, na upenu wenye upepo.

"Vinapumua!" akapiga kelele. "Anatoli, ulikuwa unaviziba pumzi! Vinapumua kama watu!"

Wote wakaparamia meza. Katekista alivua viwili, mzee wa chama kimoja. Kila kimoja kilipovuliwa na kupata upepo, sauti ilisogea, taratibu, kama mtu anayekuja kutoka shambani akiimba, na dakika chache baadaye kwaya ilikuwa imejaa ofisi. Msemaji alikuwa amesema ni wimbo wa tatu na wa mwisho. Maji ya chumvi yalitiririka juu ya vitabu vya chama, na Anatoli hakuvigusa.

Nyanjige alisikiliza amepiga magoti juu ya meza. Kwaya ilipomaliza, Jilala alimsogelea.

"Umemsikia mtoto?"

"Nimewasikia wote," akajibu. "Yeye sijui."

Barua ilichelewa mpaka Juni, barabara ilipofunguka. Anatoli aliisoma peke yake kwanza, kisha akatembea nayo mpaka kwa Nyanjige, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aje Nkoma. Alimkuta kwenye kichuguu akichimba udongo.

"Mwadila, mayu," akamsalimu.

"Mwadila. Soma."

Aliisoma. Novatus alikuwa anauliza kama walimsikia. Wimbo wa pili, aliandika, mwanzo wake aliuimba peke yake, ubeti mzima.

Nyanjige aliendelea kuchimba. Jembe liliingia mara tatu, mara nne. Anatoli alisimama na soksi zake kwenye udongo mwekundu.

"Ni koti langu," akasema. "Nisamehe, mayu. Niliogopea meza."

"Bila koti lako nisingejua," akasema Nyanjige, lakini hakumtazama, na sauti yake ilikuwa kavu. Akachimba tena, kisha akaongeza, "Ubeti mzima, anasema?"

"Ubeti mzima."

"Mwandikie kwamba tulimsikia."

Anatoli hakujua kama huo ni uongo wa kumwandikia mtu. Akauandika.

Mwezi huo huo alifika fundi wa redio kutoka Mwanza, Machibya, mtu mnene mwenye begi la vyombo, akileta betri mpya. Alipoona vyungu nyuma ya redio alicheka mpaka akakaa. Kisha akatoa mita yake, akaigusisha kwenye waya, na kicheko kikakatika. Akagusisha tena. Akaomba aitiwe mwenye vyungu.

Vyungu vilikuwa vimebadilika wakati ule. Kila kimoja kilisimama juu ya miguu mitatu ili upepo upite chini, na mwili wake ulikuwa na mifereji kutoka juu hadi chini, mizuri kama chale, siriba ikiwa imepakwa nyembamba kuifuata. Machibya alikigeuza kimoja mkononi kwa muda mrefu.

"Mama, nani alikwambia kwamba upepo una kazi hapa?"

"Redio."

Machibya alimweleza kwamba viwandani ng'ambo watu wanatengeneza betri za namna hii, zinazokula zinki na kuvuta hewa. Amesoma kwenye kitabu cha ufundi. Huko zinatumika kwenye taa za reli na redio za mashambani. Aliona uso wa Nyanjige unang'aa, kisha unazimika, halafu unang'aa tena kwa namna nyingine.

"Kwa hiyo wanajua."

"Wanajua, mama. Ila wewe hakuna aliyekuonyesha."

"Na ule ukoko mweupe? Unaokaa juu ya zinki na kuifunga, mpaka niikwangue kila siku ya tatu. Wao wanaufanyaje?"

Machibya alifikiri. "Nadhani hawatumii chumvi. Wanatumia kitu kikali kama magadi ya sabuni, ila sikumbuki vizuri."

"Utakisoma tena hicho kitabu?"

"Nikirudi Mwanza."

"Utakisoma lini?"

Machibya aliondoka na chungu kimoja kwenye begi lake, amekizungushia shati, na ahadi ya kuandika. Nyanjige alimwuliza Anatoli habari za barua hiyo kila wiki mpaka pamba ikavunwa. Haikuja. Betri mpya zikakaa kabatini, kwa sababu wazee wa chama walikata shauri kwamba vyungu vipo na vinafanya kazi. Vikaipasha moto redio ya Nkoma mwaka ule na uliofuata. Watu wa Migato walikuja kuvitazama. Wengine waliviita vyungu vyenye mapafu.

Novatus alipata likizo mwaka 1958, akakuta uani kwao hapapitiki kwa mawe ya tochi yaliyopasuliwa. Jioni ya pili mama yake alimwambia aimbe ule wa pili. Akaimba, amesimama wima kama mbele ya kinasa sauti, na baba yake alilia bila kujificha. Nyanjige alisikiliza nusu ya ubeti ameketi kabisa, mgongo ukutani. Kisha upepo ukageuka, akainuka kusogeza vyungu upande wa pili wa nyumba, na Novatus, aliyemjua mama yake, akamfuata akiendelea kuimba.

Kiangazi kilipokuja Jilala alijiunga na wachache waliokuwa bado wanakwenda ziwa Eyasi kwa punda kuleta chumvi. Alfajiri ya kuondoka, mifuko imekwisha kufungwa, Nyanjige alimwambia safari hii asilete chumvi. Alete magadi.

"Mifuko yote?" Jilala akauliza. "Na mboga je?"

"Mfuko mmoja chumvi. Mingine magadi, yale meupe yanayouma kidole, usichukue ya pembeni yenye mchanga."

Jilala aliwapiga punda kiboko, msafara ukashika njia. Walipofika kwenye mashamba ya mtama alisikia miguu nyuma yake. Nyanjige alikuwa anakuja mbio, khanga imemvuka bega, kumwambia ayaonje kwanza kwa ulimi, kila mfuko, kabla hajaufunga.